Dogo kapata Divisheni I ya pointi 7 na tulishamjazia kozi za kujihami, zile za uhakika wa kupata. Machaguo yanabadilishwaje kabla dirisha halijafungwa?

Mjomba wa Gungu

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoujua udahili, na naomba mapema kwa sababu siku zimebaki chache.

Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), hapa Kigoma. Mtihani wa utamilifu alitoka na Divisheni III, familia ikakubaliana ualimu wa sayansi. Dirisha la vyuo lilipofunguliwa, machaguo yakajazwa kama yalivyopangwa, kwenye vyuo viwili vya serikali: ualimu wa Kemia na Baiolojia namba moja, sayansi ya mazingira namba mbili, na nyingine za aina hiyo. Sasa tumeyaangalia matokeo yake kwa utulivu: Fizikia C, Kemia B, Baiolojia B. Yeye yuko kambini JKT, na anachokitaka ni udaktari, au famasia.

Je, machaguo yanabadilika au ndiyo basi? Tukibadilisha tunalipa upya? Mkopo tulishaomba, hautavurugika? Na kwa alama hizi udaktari anaruhusiwa kuomba, au tunajidanganya?

---

Taaluma_Kasulu

Hongereni sana, mpe kijana salamu zake. Kabla hujaugusa mfumo, anza na hesabu, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapochanganyikiwa.

Kuna pointi za aina mbili. Za NECTA (Baraza la Mitihani), zinazotoa divisheni, zinakwenda A=1, B=2, C=3, D=4, E=5, S=6, F=7; ukiwa na ndogo ndiyo umefaulu zaidi. Kijana ana 3+2+2, ndiyo hiyo 7. Za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), zinazotumika kwenye udahili, zinakwenda kinyume: A=5, B=4, C=3, D=2, E=1, S=0.5, F=0. Kwa TCU kijana ana 3+4+4, yaani pointi 11. Njia ya mkato: kama masomo yote matatu yako kati ya A na E, chukua 18 utoe pointi za divisheni. 18 toa 7 ni 11. Pakiwa na S au F njia hiyo haifanyi kazi, hesabu somo kwa somo. GS (somo la maarifa ya jumla) haimo, na BAM (hisabati tumizi ya msingi) haimo kwenye divisheni wala kwenye pointi hizi.

Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa waliomaliza kidato cha sita miaka hii ni ufaulu wa masomo mawili yanayohusika na kozi, jumla isiyopungua pointi 4. D na D inatosha, C na E inatosha, D na E haitoshi. Yeye ameshavuka hapo mbali.

Hilo ni lango la nje tu. Kila kozi ina mlango wake. Fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU cha mwaka huu, na hakikisha ni kile cha wenye sifa za kidato cha sita, kwa sababu kuna kingine cha wenye stashahada. Kila kozi ina mstari wake: jina na namba ya kozi, sifa za kuingia, pointi za chini ambazo chuo kimeweka, idadi ya nafasi, na miaka ya kusoma. Soma mstari mzima hadi nukta ya mwisho. Masharti ya kidato cha nne huwa yamekaa mwishoni mwa sentensi: ufaulu wa Hisabati au Kiingereza, kwa mfano. Kuna watoto wenye pointi 12 wanaenguliwa kwa F ya Hisabati ya kidato cha nne ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Kwa PCB yake, udaktari wa binadamu unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Anazo. Kwa hiyo ni halali kuomba. Kuomba na kupata ni mambo mawili, hilo nitalirudia chini. Uhandisi mwingi sahau: vyuo vinataka Hisabati ya juu, na BAM haichukui nafasi yake.

---

Bint Gongoni

Salamu kutoka Tabora. Naongeza kwenye alichosema mwalimu jambo ambalo familia nyingi hazilijui: mfumo haumpandishi mtu daraja. Chuo hakitaangalia pointi 11 kikasema huyu alistahili famasia. Kinaanza na chaguo la kwanza ulilojaza. Kama sifa anazo na nafasi ipo, anapewa hilo, na machaguo yaliyo chini hayafunguliwi kabisa. Kwa pointi 11 na ualimu ukiwa namba moja, atachaguliwa ualimu. Ukiongeza udaktari namba tatu bila kugusa namba moja, hujafanya kitu.

Kubadilisha inawezekana maadamu dirisha la awamu liko wazi. Inakwenda hivi kwenye mifumo mingi.

Unaingia kwenye akaunti ileile ya chuo husika kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne (au jina la mtumiaji lililotengenezwa) na neno la siri. Usifungue akaunti mpya. Mfumo utaikataa namba ya mtihani kwa kuwa imeshasajiliwa, na wengine hupoteza siku mbili wakihangaika hapo. Nenda sehemu ya machaguo ya kozi. Ondoa yote, uyapange upya kuanzia namba moja. Vyuo vingi vinatoa nafasi ya machaguo matatu hadi matano. Hifadhi.

Sasa sikiliza hapa. Ukishagusa machaguo, mifumo mingi inalirudisha ombi kwenye hali ya kutokamilika. Unatakiwa uende hadi ukurasa wa mwisho, uweke tiki kwenye tamko, na ubonyeze kuwasilisha mara ya pili. Mtu akihifadhi na kufunga kompyuta, ombi linalala bila kuwasilishwa hadi dirisha linafungwa. Ukimaliza, toka nje ya akaunti, ingia tena, utazame: machaguo mapya yanaonekana kwa mpangilio ulioutaka? Hali ya ombi inasema limewasilishwa? Chapa au hifadhi PDF yenye tarehe.

Malipo: ada ya maombi ni ya chuo, si ya kozi. Vyuo vingi hutoza shilingi 10,000, na ukishailipa kubadilisha machaguo ndani ya chuo hichohicho hakukudai tena. Utalipa upya ukiongeza chuo cha tatu, na hapo ndipo akaunti mpya inahalalika, kwa kuwa kila chuo kina mfumo wake tangu 2017 TCU ilipoacha kupokea maombi yote sehemu moja.

Kama vyuo viwili mlivyoomba havina udaktari wala famasia, kubadilisha machaguo humo hakutoshi. Tazama vyenye moja ya kozi hizo au zote: MUHAS Dar es Salaam, UDOM, Bugando Mwanza, KCMC Moshi na vingine vilivyoorodheshwa kwenye kitabu.

---

Mama wa Ujiji

Mjomba, swali moja kabla hujaendelea: fomu ilijazwa wapi, na kwa namba ya simu ya nani?

Nauliza kwa sababu vijana wengi wa huku wanajaziwa steshenari wakiwa wako JKT. Mhudumu anaweka barua pepe aliyoitengeneza yeye, na mara nyingine namba yake ya simu, kwa sababu mfumo unadai namba na mwenye fomu hayupo. Siku hiyo kazi inaisha vizuri. Shida inakuja mwanzoni mwa Septemba, majina yakitoka: namba ya uthibitisho, kwa aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja, inatumwa kwa meseji kwenye simu ile na barua pepe ile. Mhudumu ameshabadilisha laini, au ana meseji za watoto hamsini na hajui ipi ya nani.

Kwa hiyo leo, kwenye kila chuo, fungua sehemu ya taarifa binafsi, uweke namba ya mtu wa familia ambaye simu yake haizimwi na laini imesajiliwa kwa jina lake. Barua pepe mtengeneze mpya, neno lake la siri liandikwe kwenye daftari, si kwenye simu peke yake. Namba hiyohiyo moja iwe kwenye vyuo vyote. Simu za vijana kambini haziko mikononi mwao kila saa, kwa hiyo namba ya kijana mwenyewe haifai kwa kipindi hiki, hata kama ni yake halali.

Na machaguo mapya yasifanywe bila yeye kujua. Kambi zina siku na saa za kuwasiliana na nyumbani. Akipiga, muwe mmeshaandika kozi nne au tano kwenye karatasi na masharti yake, mumsomee, achague mpangilio. Dakika tano zinatosha kama mmejiandaa.

---

Reli_ya_Kati

Mimi nashauri tofauti kidogo. Pointi 11 za PCB si za kuchezea. Jaza udaktari chaguo la kwanza, la pili na la tatu kwenye vyuo vyote, basi. Ukiweka kozi ndogo chini unajipunguzia.

---

Taaluma_Kasulu

@Reli_ya_Kati, kaka, nakataa, na nitasema kwa nini.

Kwanza chuo kimoja huwa na kozi moja ya udaktari wa binadamu, huwezi kuijaza mara tatu. Pili, ukiweka famasia namba mbili hujipunguzii chochote, kwa sababu namba mbili inaangaliwa pale tu namba moja ikishindikana. Hiyo ndiyo maana ya mpangilio.

Tatu ni ushindani. Pointi za chini zilizoandikwa kwenye kitabu ni za kukuruhusu kuingia kwenye foleni. Nafasi zikiwa chache kuliko waombaji, chuo kinapanga watu kwa ufaulu kuanzia juu na kukata pale nafasi zinapoisha. Kwenye udaktari wa vyuo vya serikali foleni ile imejaa watoto wenye A mbili na A tatu. Mwenye C, B, B yuko ndani ya sifa, lakini kwenye chuo kinachokimbiliwa na nchi nzima anaweza kukatwa. Akiwa amejaza udaktari peke yake na amekatwa kila mahali, anaingia awamu ya pili, ambako zinagombewa nafasi zilizobaki, na kozi za afya huwa za kwanza kujaa.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa alama hizi, na mtu anaruhusiwa kunipinga kwa hoja: chuo kimoja chenye ushindani mkali, udaktari namba moja, famasia namba mbili, uuguzi au sayansi ya maabara ya tiba namba tatu. Chuo cha pili nje ya Dar es Salaam, udaktari tena namba moja, kisha kozi ya afya anayoikubali. Na chuo cha tatu, kama 10,000 ipo, SUA Morogoro kwa tiba ya mifugo. Ni shahada ya miaka 5, ina hadhi yake, na Kigoma na Tabora ni mikoa yenye mifugo.

Chaguo la mwisho kila chuo liwe kozi ambayo kijana yuko tayari kuisoma kweli, na pointi zake zinaivuka kwa mbali. Asiweke kozi ambayo akiipata atalia.

Miaka pia ihesabiwe mezani: udaktari miaka 5, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini ndipo asajiliwe. Famasia miaka 4, uuguzi miaka 4. Ualimu ni 3. Familia ijue inaingia kwenye safari ya urefu gani.

---

Reli_ya_Kati

Hoja ya kuwa namba mbili haiangaliwi mpaka namba moja ishindikane imeniingia. Nakubali, mwalimu.

---

Karani wa Mikopo

Nijibu upande wa HESLB, Bodi ya Mikopo.

Mjomba, kubadilisha machaguo ya kozi sasa hivi hakuharibu ombi la mkopo. Ombi la mkopo na ombi la chuo ni vitu viwili vinavyokutana baadaye: Bodi inapokea taarifa za waliodahiliwa na kuthibitishwa, inazilinganisha na maombi yaliyokamilika, ndipo inapanga. Mkopo unafuata kozi aliyodahiliwa, si kozi aliyoitamani.

Kinachozikutanisha ni namba ya mtihani ya kidato cha nne. Iliyotumika kwenye mkopo iwe ileile iliyotumika chuoni. Kwa aliyefanya kidato cha nne mara mbili, ana namba ya shule inayoanza na S na ya mtahiniwa binafsi inayoanza na P; mmoja akiweka S kwenye mkopo na P chuoni, mfumo unaona watu wawili. Hii ndiyo sababu ya vilio vingi vya "nimedahiliwa lakini mkopo hauonekani".

Angalia pia kama ombi lenyewe limekamilika. Kulipa 30,000 na kujaza kurasa si kukamilisha. Fomu lazima isainiwe na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo au hakimu, kisha kurasa zilizosainiwa zipandishwe kwenye mfumo. Saini ya mwombaji ndiyo inayokwama akiwa JKT. Dirisha la mkopo miaka ya karibuni limekuwa likifunguliwa Juni na kufungwa karibu na mwisho wa Agosti, kwa hiyo bado kuna pumzi, lakini si nyingi.

Cheti cha kuzaliwa lazima kiwe kimehakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho. Uhakiki unafanyika mtandaoni. Kama cheti hakipo kabisa, au jina la cheti halifanani na la kidato cha nne, anzia ofisi ya RITA iliyoko kwa Katibu Tawala wa Wilaya. Herufi moja tu inatosha kuzuia: Ntahondi kwenye cheti, Ntahondy kwenye matokeo, mfumo unakataa. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini iweke namba yake ya TASAF, inasaidia kuonyesha uhitaji.

Kwa upande wa fedha zenyewe: chuo binafsi cha udaktari kinaweza kutoza ada ya mamilioni kadhaa kwa mwaka, na mkopo hauifuati ada ya chuo binafsi kila mara. Tofauti anailipa mzazi, miaka mitano mfululizo. Kabla hamjaweka chuo binafsi kama kimbilio, chukueni ada yake kwenye tovuti ya chuo, mzidishe kwa 5, muone.

Halafu kuna Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23. Ni ufadhili, haurejeshwi, kwa waliofanya vizuri zaidi kwenye tahasusi za sayansi na wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au elimu tiba. Majina hutangazwa na Wizara ya Elimu. Sisemi pointi 7 inatosha, kwa sababu huchukuliwa wa juu kabisa, ila angalieni orodha ikitoka. Mtu akiwa kwenye orodha halafu akahamia kozi isiyo ya sayansi, ufadhili huo hauendi naye.

---

Mwana wa Nzega

Mwangaluka wakuu. Naingilia uzi kwa swali la jirani. Dada yangu kamaliza stashahada ya tiba, ile ya maafisa tabibu. Alitegemea GPA ya 3.0, akaomba kozi za afya ya jamii. Matokeo ya mwisho yamempa 3.4. Anaweza kubadilisha kwenda udaktari?

---

Bint Gongoni

@Mwana wa Nzega, mwangaluka kaka. Anaweza, kwa sababu kikomo cha udaktari kwa mwenye stashahada ya tiba ni GPA ya 3.0 au wastani wa B. Lakini afungue cheti chake cha kidato cha nne kwanza: anatakiwa awe na angalau D kwenye Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati na Kiingereza. Hisabati ndiyo inayowaangusha wengi. GPA ya 4.5 haifuti F ya Hisabati.

Akipita hapo, kinachobaki ni AVN. Hiyo ni namba ya uhakiki inayotolewa na NACTVET (baraza linalosimamia elimu ya ufundi) kwa mwenye stashahada, na vyuo vikuu vinaitumia kuvuta matokeo yake. Mwenye matokeo ya kidato cha sita haihitaji. AVN haitoki mpaka chuo alichosoma kiwe kimepeleka matokeo ya mwisho NACTVET, na ucheleweshaji mwingi upo hapo, si kwa mwombaji. Kwa hiyo asikae nyumbani kusubiri: aende kwa ofisa udahili au mitihani wa chuo chake aulize kama jina lake limo kwenye orodha iliyopelekwa.

Kama alijaza ombi kwa matokeo ya muda na GPA ya zamani inaonekana, baada ya AVN kutoka aingie kwenye akaunti, aweke AVN, ahakikishe mfumo umeonyesha 3.4. Ndipo abadilishe machaguo. Akibadilisha machaguo kabla, mfumo utaendelea kumsoma kwa 3.0 na atashindanishwa kwa hiyo badala ya 3.4.

---

Mjomba wa Gungu

Asanteni mno. Nimeingia kwenye akaunti zote mbili. Chuo kimoja kimekubali kubadilisha, nimewasilisha upya na PDF ninayo. Namba ya simu kweli ilikuwa ya steshenari; nimeweka ya dada yangu. Chuo cha pili neno la siri halijulikani, na ukiomba jipya linakwenda kwenye barua pepe ya mhudumu.

Na swali: tukishindwa kukirekebisha hicho cha pili, wakamchagua ualimu kule, na cha kwanza wakampa famasia, itakuwaje?

---

Mama wa Ujiji

Kwa neno la siri, nenda steshenari kwa mhudumu huyohuyo, kwa upole, mkae naye aifungue hiyo barua pepe mbele yako. Omba neno jipya la siri palepale, libadilishe, halafu hapohapo ubadilishe barua pepe na simu kwenye taarifa binafsi. Ikishindikana, piga simu dawati la udahili la chuo asubuhi ofisi zinapofunguliwa. Watakuuliza jina kamili, namba ya mtihani ya kidato cha nne na mwaka. Uwe navyo mkononi.

---

Bint Gongoni

Akichaguliwa vyuo viwili, si tatizo kubwa. Jina lake litatoka kwenye orodha ya waliopata udahili zaidi ya mmoja. Atatumiwa namba ya uthibitisho. Mnaingia kwenye akaunti ya chuo anachokitaka, mnaiweka, mnathibitisha. Kile kingine kinamwachia. Meseji isipofika, ndani ya akaunti huwa kuna sehemu ya kuomba itumwe tena. Muda wa kuthibitisha una mwisho, na ukipita bila kuthibitisha popote anaweza kupoteza vyote viwili. Mkithibitisha mahali pasipo kwa bahati mbaya, kuna njia ya kubatilisha na kuthibitisha kwingine, ila ni ndani ya muda huohuo.

Hali ngumu ni hii: cha kwanza akose, cha pili wamchukue ualimu, awe na udahili mmoja tu. Awamu ya pili imewekwa kwa ambao hawakuomba au hawakupata. Mwenye udahili tayari, chuo kingine kikipeleka jina lake TCU litarudi. Atalazimika kwanza kujiondoa kwenye udahili ule kupitia chuo kilichomchukua, jina lifutwe, ndipo aombe upya. Ikiwa kozi anayoitaka imeshajaa, anabaki mikono mitupu mwaka huu. Kwa hiyo kabla ya kujiondoa, tazama tangazo la awamu ya pili uone chuo kina nafasi kwenye kozi ipi. Vyuo hutangaza. Hakuna nafasi ya udaktari wala famasia? Usijiondoe.

---

Taaluma_Kasulu

Na mlango wa mwisho ni kuhama baada ya kusajiliwa. Kuna kuhama kozi ndani ya chuo na kuhama chuo kwenda kingine. Hufunguliwa kwa muda mfupi mwanzoni mwa mwaka wa kwanza. Masharti ni mawili makubwa: awe na sifa za kozi anayokwenda, na kozi hiyo iwe na nafasi ndani ya idadi iliyoidhinishwa. Kuhama chuo kunataka vyuo vyote viwili vikubali, kisha TCU.

Kwa kwenda udaktari au famasia njia hii ni finyu, nafasi huwa zimekwisha. Inafaa zaidi kwa anayetoka ualimu wa Kemia kwenda sayansi ya Kemia, au kozi zenye nafasi.

---

Karani wa Mikopo

Na anayehama ajue bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, linachelewa. Fedha zake zimepangwa kwenye chuo cha kwanza, mpaka taarifa zihamishwe. Ada ya kozi mpya inaweza kuwa kubwa kuliko aliyopangiwa. Aende ofisi ya mikopo ya chuo anachotoka na anachokwenda, wote wawili waandike. Awe na fedha ya chakula na malazi ya wiki kadhaa mfukoni, asitegemee ya Bodi siku ya kwanza.

---

Mjomba wa Gungu

Nimetoka steshenari. Mhudumu katusaidia vizuri, chuo cha pili nacho kimebadilishwa. Tunaongeza cha tatu, ila namba ya malipo imegoma: nikilipa kwa simu inasema si sahihi.

---

Bint Gongoni

Angalia mambo matatu. Umeingia kwenye menyu ya Malipo ya Serikali? Chuo cha serikali hakilipwi kupitia lipa namba wala kampuni za kawaida. Namba umeinakili yote, tarakimu kwa tarakimu? Na imetengenezwa lini? Zina muda wa kuisha. Ikiwa ya zamani, ingia kwenye akaunti uombe mpya. Ukishalipa, usibonyeze kulipa tena kwa kuwa ukurasa haujabadilika. Toka, subiri, ingia upya, utakuta malipo yamesomwa. Yasiposomeka ndani ya saa chache, tuma meseji ya muamala kwa dawati la udahili.

Na fanya leo usiku au alfajiri, mtandao unapokuwa mwepesi. Siku ya mwisho ya dirisha mifumo inalemewa, ukurasa unazunguka tu, na saa sita usiku ikigonga mfumo unafungwa ukiwa katikati ya kuwasilisha.